Dakika Sita za Upande wa Mashariki

Kwa miaka ishirini na saba Fundi alizitunza taa za kuongozea magari kwenye barabara kuu, makutano saba, kuanzia njia panda ya viwandani hadi daraja la reli. Jina lake halisi liliandikwa kwenye kitambulisho cha kazi na likabaki hukohuko. Mtaani kwetu aliitwa Fundi, kazini Fundi, hata mkewe alimwita Fundi. Naye alimwita mkewe Mwalimu, kwa kuwa mama huyo alikuwa amefundisha darasa la kwanza tangu ujana wake mpaka figo zilipomgomea.

Ilikuwa kazi ya kushinda juu ya ngazi na kusikiliza matusi. Taa ikizimika, madereva walimtukana kwa kuchelewa kuja. Akija, walimtukana kwa kuziba njia na ngazi yake. Kila makutano yalikuwa na kabati la chuma pembeni mwa barabara, na ndani ya kabati mtambo uliogawa muda: sekunde arobaini huku, sekunde arobaini kule, magari yawepo yasiwepo. Fundi alibeba funguo za makabati yote saba kwenye pete moja. Ndani alikutana na mijusi, sisimizi, na siku moja kiatu cha mtoto ambacho mpaka leo haijulikani kilipenya wapi.

"Taa hizi hazioni," aliwaambia madereva waliomfokea. "Zinahesabu tu. Mnamgombeza kipofu bure."

Mwalimu alipoanza kuugua walidhani ni uchovu. Miguu ikavimba, chakula kikamkinaisha, na daktari akasema figo zote mbili zimechoka kabisa. Kuanzia hapo maisha ya nyumba ile yakawa yanaendeshwa na Jumanne na Ijumaa, siku za kwenda kulazwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Hospitali yenye mashine ilikuwa ng'ambo ya jiji. Ulifuata barabara kuu hadi makutano ya tatu, ukakata kulia.

Bila msongamano ni mwendo wa nusu saa. Ila hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho barabara ile kuwa bila msongamano. Walitumia saa mbili na nusu, siku mbaya saa tatu. Walijaribu kutoka alfajiri, wakakuta foleni nayo imeamka alfajiri, maana kila mtu alikuwa amepata wazo hilohilo. Aliyempeleka Mwalimu ni jirani yetu dereva wa teksi, ambaye tulimpachika jina la Umeme kwa jinsi alivyoendesha polepole. Fundi hakuweza kwenda na mkewe, kwa sababu saa za foleni ndizo saa zake za kazi.

Nafasi ya Mwalimu kwenye mashine ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, asafishwe kwa muda wa saa nne, kisha anaingia mgonjwa mwingine. Ukichelewa saa nzima, unapata saa tatu. Wauguzi hawakuwa na roho mbaya. Yule wa zamu ya asubuhi alimwomba radhi kila mara alipomchomoa kabla ya wakati. Lakini mgonjwa anayefuata naye alikuwa ameketi pale kwenye benchi, na uso wake umevimba vilevile.

Habari za taa mpya zilianza kama uvumi. Serikali ilikuwa inatafakari cha kufanya na barabara kuu, na idara ikaitisha kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi kwenye ukumbi wa halmashauri. Wengine walitaka barabara ipanuliwe. Wengine walitaka daraja la juu, maana daraja linaonekana na kiongozi anaweza kupigwa nalo picha. Mhandisi mmoja, binti wa miaka kama thelathini aliyevaa miwani mikubwa, alisimama akaeleza kwamba kwa sehemu ndogo tu ya fedha za daraja, makutano yote saba yangeweza kuwekewa kamera na vitambuzi vinavyohesabu magari na kugawa muda kulingana na foleni, huku taa zikipeana taarifa. Magazeti yakaziita taa zenye akili.

Fundi aliitwa kama shahidi wa kazi. Hakuwa msemaji. Alishika kipaza sauti kana kwamba kingemrusha, akasema, "Mimi nimekaa na taa hizi miaka mingi. Kuna wakati upande mmoja hauna hata baiskeli, na taa ya kijani inawaka kule, na huku watu mia tatu wamesimama. Wagonjwa wamo. Ni hayo tu." Akakaa. Walimpigia makofi, na yeye akaangalia viatu vyake.

Jioni Mwalimu alimtania. "Taa zenye akili. Na fundi wake je, atabadilishwa naye?"

"Fundi atapelekwa darasa la kwanza," akajibu.

"Basi aje na daftari lake. Na kucha nitakagua."

Fedha zilipitishwa kwenye bajeti mwaka uleule. Watu wakafurahi, wakidhani kupitishwa ni sawa na kutoka. Kwanza ukaja utafiti. Mipira myeusi ya kuhesabia magari ikatandazwa kukatiza lami kwenye kila makutano, na Fundi mwenyewe ndiye aliyeipigilia misumari. Kisha ikaja zabuni. Kisha kampuni iliyoshindwa ikakata rufaa, na faili likaingia kwenye ofisi ambamo faili haliharakishwi. Ukimuuliza msimamizi wa Fundi, alikujibu, "Fedha zipo. Hazijatoka tu."

Mwalimu hakuwa na muda wa kuzisubiri. Alianza kukosa pumzi usiku. Alilala ameegemea mito mitatu, na Fundi alilala akihesabu pumzi zake.

Wakati ule mipira ya utafiti ikiwa bado barabarani, Ijumaa moja, Fundi alikuwa kwenye makutano ya tatu akibadilisha balbu. Umeme akampigia simu kwamba wamekwama, wamefika kwenye ghala la vigae na hawasogei. Ghala la vigae lilionekana kutoka juu ya ngazi. Fundi aliitazama foleni, akaitambua teksi ya rangi ya maziwa katikati ya malori mawili. Akashuka. Akafungua kabati.

Ndani ya kabati kulikuwa na swichi ya kuongozea kwa mkono, iliyowekwa kwa ajili ya misafara ya wakubwa. Fundi aliizungusha. Upande wa mkewe ukapata kijani, ukaendelea kuwa kijani, dakika moja, dakika tatu, dakika tano, na upande wa mashariki ukasimama. Teksi ilipopita na kukata kulia kuelekea hospitali, alimwona Mwalimu dirishani amefumba macho, kichwa amekilaza kwenye kioo. Akarudisha swichi, akapanda ngazi, akamalizia balbu yake.

Siku ile Mwalimu alipata saa nne zake zote.

Fundi alisema baadaye kwamba alidhamiria iwe mara moja tu. Lakini Jumanne ikafika, na Umeme akapiga simu. Ikawa hivyo kwa wiki nane. Umeme alikuwa akimpa ishara wanapofika kwenye ghala la vigae, na Fundi alihakikisha kwamba Jumanne na Ijumaa saa tatu asubuhi kuna kitu cha kukarabati kwenye makutano ya tatu. Mwalimu hakuambiwa. Miguu yake ilipungua uvimbe. Akaanza kula. Akatoka kibarazani, akawa anawasaidia watoto wa mtaani kusoma, na sisi majirani tukaambiana kwamba huyu amevuka.

"Barabara imeingiwa na huruma," alimwambia mumewe. Fundi akaitikia kwa kuguna.

Aliyeivunja siri hakuwa na nia mbaya. Mwalimu mwenzake wa zamani alikuja kumjulia hali, wakazungumza habari za shule, na katika mazungumzo akalalamika kwamba basi la watoto wa upande wa mashariki siku hizi linachelewa, tena si kila siku, ni Jumanne na Ijumaa tu. Watoto wa darasa la kwanza wanaingia wakati wenzao wameshamaliza kusoma.

Jumanne iliyofuata Mwalimu hakufumba macho. Walipofika kwenye makutano ya tatu aliangalia pembeni mwa barabara, akamwona mumewe amesimama mbele ya kabati lililo wazi, mkono umeingia ndani, anaiangalia teksi.

Jioni alimsubiri ale kwanza.

"Fundi, ile swichi ni ya nani?"

Hakujifanya haelewi. "Ya misafara ya waheshimiwa."

"Kwa hiyo na mimi siku hizi ni mheshimiwa?"

"Wewe ni mgonjwa. Wale hukimbizwa kwenye mikutano, wewe unakwenda kuishi. Nani mwenye haki zaidi?"

"Na wa upande ule je? Umewahi kuwauliza wanakwenda wapi?"

Fundi akaisogeza sahani kando.

"Nimekuwa na watoto sitini ndani ya chumba kimoja," Mwalimu akasema. "Binti yetu mwenyewe alipita mikononi mwangu. Hata siku moja sikumpa kalamu kabla ya wenzake. Alilia, unakumbuka? Uliniita mkatili."

"Nakumbuka."

"Labda nilikuwa mkatili. Lakini nisingeweza kuwatazama wale wengine. Acha, Fundi. Nakuomba."

"Na saa zako za mashine?"

"Nitapata nitakazopata. Taa zenu zenye akili si zinakuja?"

Walibishana siku tatu. Umeme alishika upande wa Fundi, akasema mama anajitafutia kaburi kwa adabu. Lakini Mwalimu akigoma amegoma, na alitoa kauli kwamba akiona tena mkono ndani ya kabati atashuka kwenye gari arudi nyumbani kwa miguu. Fundi akakubali shingo upande. Ijumaa ile alikaa makutano ya sita, mbali kabisa, asije akajisaliti. Simu iliita akaiacha iite.

Foleni ikarudi ilivyokuwa. Saa nne zikawa tatu, zikawa mbili na nusu. Faili la rufaa lilikuwa bado halijatoka kwenye ile ofisi. Ikaja Ijumaa ya mvua, lori likalala kwenye makutano ya pili, teksi ikakaa barabarani saa nne na robo. Mwalimu alifika akiwa hana sauti, akawekwa kwenye mashine saa moja na nusu, wakamwambia arudi Jumapili watamtafutia nafasi ya dharura. Jumapili asubuhi alikuwa amekaa kitandani, anasubiri Fundi amfunge kamba za viatu, akasema, "Ngoja kwanza nipumzike." Alipoinamisha kichwa hakukiinua tena.

Hata mazishi yalichelewa. Nusu ya waombolezaji walikuwa wamekwama makutano ya tatu.

Miezi miwili baada ya hapo rufaa ikatupwa na fedha zikatoka. Mafundi wa kampuni wakaja na magari yao yenye vikapu vya kuinulia watu, wakafunga kamera kwenye nguzo, wakakata lami na kufukia vitambuzi, wakang'oa makabati ya zamani. Fundi alipangiwa kufanya kazi na yule mhandisi wa miwani mikubwa. Aliifanya vizuri, kama alivyoifanya miaka yote, ila alikuwa kimya mno hata vijana wa kampuni wakadhani ana matatizo ya kusikia. Siku walipoling'oa kabati la makutano ya tatu aliomba ruhusa ya saa moja, akaenda kukaa nyuma ya ghala la vigae.

Taa mpya ziliwashwa Jumatatu. Mheshimiwa alikuja kukata utepe, na kama kawaida msafara wake ulisimamisha magari dakika ishirini. Lakini alipoondoka, barabara ilianza kutembea. Sisi wenyewe tuliona. Malori yalipita, mabasi yalipita, upande usio na gari haukupewa kijani cha bure. Wiki ile Umeme alimpeleka abiria hospitali. Alirudi akiwa na furaha, akamkuta Fundi anafagia uani, akaropoka, "Dakika thelathini na nane! Mlango kwa mlango!"

Kisha akasikia alichokisema. Akabaki ameshika mlango wa teksi. "Nisamehe, kaka," akasema.

"Si kosa lako," Fundi akajibu, akaendelea kufagia mahali palipokuwa safi tayari.

Mwezi wa pili baada ya taa kuwashwa, mhandisi alimwita kwenye chumba cha kuongozea taa. Kilikuwa chumba chenye baridi, ukuta mzima ni skrini, na kila skrini inaonyesha makutano mamoja. Alikuwa anaandaa taarifa ya kulinganisha hali ya zamani na ya sasa, ili Bunge lijue fedha za umma zimefanya nini. Mezani kulikuwa na michoro ya ule utafiti wa mipira myeusi.

"Mzee, nisaidie," akasema. "Makutano ya tatu. Kuna wiki nane ambazo kila Jumanne na Ijumaa, saa tatu na dakika kadhaa, foleni ya upande wa hospitali inayeyuka ghafla. Siku nyingine hapana. Nimetafuta sababu nimechoka. Mtambo ulikuwa mbovu?"

Fundi aliangalia ule mchoro. Mistari kumi na sita ilishuka mahali palepale. Angeweza kusema ndiyo, mtambo ulikuwa mbovu, na nani angebisha? Kabati lenyewe lilishauzwa chuma chakavu.

"Mtambo ulikuwa mzima," akasema. "Ni mimi."

Akamweleza yote, teksi, swichi, mkewe. Alieleza kwa sauti ya mtu anayetoa ripoti ya kazi. Mhandisi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Na upande ule mwingine," Fundi akauliza, "nao unao? Wa mashariki. Walichelewa kiasi gani?"

Mhandisi alibofya hapa na pale. "Kwa wastani, dakika sita kila gari."

"Sita."

"Ndiyo, mzee. Sita."

"Na yeye?"

"Upande wa hospitali uliokoa karibu dakika hamsini."

Fundi alikaa. Hakuwa ameambiwa akae. Alikuwa amejiaminisha kwamba ni mengi, saa nzima labda, kwamba watoto wa shule walipotezewa asubuhi yao, na kwamba alipoiacha ile swichi aliiacha kwa sababu nzito. Dakika sita mtu humaliza akitafuta soksi. Alizitaja tena kwa sauti ndogo, akaweka mikono usoni, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akalia kwa sauti ndani ya chumba cha serikali, huku magari yakipita kimya kwenye skrini zote.

Mhandisi alimwachia muda. Alipotulia akamwambia taratibu, "Lakini mzee, zilikuwa sita kwa kila gari, na magari yalikuwa mia tisa. Humo ndani sijui kulikuwa na nani. Wala hii mitambo haijui. Inaona gari tu."

"Mke wangu angekujibu hivyohivyo."

"Itabidi niandike kwenye taarifa. Nisipoandika, hesabu zote za makutano hayo zitakuwa za uongo."

"Andika," Fundi akasema. "Yeye pia angeandika."

Akaandika. Fundi akapata barua ya onyo, mwaka mmoja kabla ya kustaafu, baada ya miaka ishirini na sita bila doa. Msimamizi alimkabidhi akiangalia dirishani. Fundi aliisaini, akauliza kama kuna kingine, akarudi kazini.

Hata hivyo ile kauli ya mhandisi, kwamba mitambo inaona gari tu, haikumtoka. Mradi ulikuwa umetenga vifaa vidogo vya kufunga kwenye magari ya wagonjwa, ili taa ziyatambue kwa mbali na kuyafungulia njia bila kuvuruga pande nyingine kwa muda mrefu. Lakini wagonjwa wa figo hawapandi magari ya ving'ora. Wanapanda teksi, mabasi, na yale magari mawili ya hospitali yanayowaokota majumbani. Fundi akamfuata mhandisi. Mhandisi akasema bajeti ni ya magari ya dharura peke yake, ila kikao cha maoni cha mwaka ujao kinakaribia.

Kwa hiyo akasimama tena kwenye ukumbi ule. Safari hii alizungumza dakika nyingi kuliko tulivyowahi kumsikia. Alisema habari za mkewe. Alisema habari za barua ya onyo, aliitoa mfukoni akawaonyesha, akasema inastahili. "Nilichokifanya kwa kuiba, ninyi mnaweza kukifanya kwa haki na kwa wote," akasema. "Sitaki mtu mwingine asimame mbele ya kabati akichagua." Mjumbe mmoja aliuliza kama kuna ushahidi kwamba muda ule ungemponya.

"Usingemponya," Fundi akasema. "Ungemwongezea siku. Ngapi, sijui."

Hawakumpa jibu siku ile. Mapendekezo yakaenda yalikokwenda, na miezi tisa baadaye vikaidhinishwa vifaa viwili, kwa yale magari mawili ya hospitali. Teksi hazikupata kitu. Fundi alikuwa amebakiza wiki tano za kazi. Aliomba avifunge mwenyewe, na msimamizi akamkubalia bila maneno mengi.

Asubuhi ya kwanza alipanda kwenye moja ya magari hayo, kiti cha nyuma, kuhakikisha kifaa kinawasiliana na taa. Walipita makutano matatu bila kusimama. Binti yake alikuwa amemwambia asiende, kwamba atajiumiza. Pengine alijiumiza, maana dereva aliniambia mzee aliiangalia sakafu ya gari njia nzima.

Walifika mapema mno. Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa umefungwa, na wagonjwa sita wakajipanga kwenye benchi la koridoni wakinung'unika. Mzee mmoja alidai kwamba heri foleni, angalau mle unasinzia. Wenzake wakacheka. Fundi alisimama pembeni na mfuko wake wa vifaa, hajui kama aondoke.

Mama aliyekaa mwisho wa benchi, mwenye miguu iliyovimba ndani ya kandambili, alimtazama. "Baba, umemsindikiza nani?"

Fundi akafikiri kidogo. "Leo sina mtu," akasema.

Yule mama akasogeza mkoba wake, akampa nafasi ya kukaa.